Beseni Juu ya Kifaru

Walionirithi kwenye meza ya mizigo wameniomba niandike nilivyofanya kazi, kwa sababu, wanasema, wakinipigia simu najibu kwa mkato. Ni kweli. Sijawahi kupenda simu, na sasa nimestaafu sina sababu ya kujifanya. Basi nimekaa kwangu hapa Kamenu, miwani mbili shingoni, moja ya kuona karatasi na nyingine ya kumwona anayepita nje, naandika.

Kwa asiyejua: kule Ruiru kuna karakana inayounda modeli za magari ya kijeshi, hasa vifaru, kwa ajili ya watu wazima wanaozipanga kabatini na kuzitazama. Wengi wako ng'ambo. Kifaru kimoja kinakaa juu ya viganja viwili. Wenzangu waliunda chuma, minyororo na mzinga. Mimi niliunda vile vitu askari wanavyofunga nje ya kifaru, maana ndani hakuna nafasi hata ya kukunja goti: matandiko, turubai, mitungi ya maji, sufuria, masanduku, koleo, mabuti. Nilipokuwa nikiulizwa kanisani ninafanya kazi gani nilisema nafunga mizigo, na watu wakadhani niko stendi ya mabasi. Niliwaacha hivyo.

Niliingia kazini kwa sababu najua kukunja. Kabla ya hapo nilikuwa kiwanda cha nguo Thika, upande wa kukunja na kufunga, mpaka mashine zikasimama na sisi tukasimama nazo. Bwana Githinji, mwenye karakana, alinipa karatasi ya shashi, ile laini inayokuja ndani ya boksi la viatu, akaniambia niikunje iwe blanketi la ukubwa wa kijiti cha kiberiti. Nikakunja. Akaigeuza juu chini, akaniambia nije Jumatatu. Huo ndio usaili wote niliowahi kufanyiwa, na naona ulitosha.

Jumatatu hiyo nilikunja blanketi kumi na mbili. Kona kwa kona, kama za dukani. Nikazipanga nyuma ya kifaru kwa rangi, za kijani chini na za kahawia juu, nikaweka na mitungi ya maji pande zote mbili, sawasawa. Nilijisifu moyoni. Jumanne asubuhi akaingia mwanamume mrefu aliyevaa tai, akainama juu ya meza yangu, mikono nyuma, akakaa hivyo mpaka nikaanza kujikuna.

"Hii ni kifaru ama ni rafu ya supamaketi?" akauliza.

Huyo alikuwa Mzee Kibe. Enzi hizo hakuwa mzee, lakini alishajiita hivyo. Alikuwa ameendesha kifaru jeshini miaka yake yote, akastaafu, akajenga Witeithie, ambako alifuga kuku na kugombana na jirani kuhusu ua. Bwana Githinji alimwita kila Jumanne na Ijumaa aje atazame kazi zetu. Hakuwa akigusa kitu. Alionyesha kwa biro. Na alikuwa na maswali yaleyale, miaka nenda miaka rudi: Nani ameweka hii hapa? Ataitaka saa ngapi? Ataifikia na mkono gani?

"Hapa ni juu ya matundu ya injini," akaniambia siku hiyo, biro ikigonga hewa juu ya blanketi zangu. "Umechoma matandiko ya watu wanne, mama. Leo watalala na baridi, na kesho watakutafuta."

"Nilifikiri inapendeza."

"Inapendeza nani? Askari hapendezi mtu. Askari anataka chai."

Kutoka kwake nilijifunza kwamba vitu vya chai hukaa juu kabisa, kwa sababu gari likisimama hivyo ndivyo vya kwanza kutafutwa. Kwamba kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu yenye mzinga, huzunguka, kwa hiyo mtungi uliofungwa mahali pabaya utang'olewa mara moja na hautafungwa hapo tena. Kwamba kila mtu huweka begi lake karibu na mlango wake mwenyewe, maana hakuna anayemwamini mwenzake kwa mambo ya soksi safi. Kwamba blanketi tatu zitafanana na ya nne haitafanana kamwe, kwa sababu kuna mmoja amepoteza ya serikali na sasa analalia ile aliyopewa na mama yake. Sheria yake kubwa ilikuwa fupi: usiweke kitu ambacho hakikuwepo, na usitoe kilichokuwepo.

Mnaobaki mnaniuliza sana kuhusu vifaa, kwa hivyo niseme. Kibano changu nilinunua duka la vipodozi Thika, cha kung'olea nyusi. Bwana Githinji aliagiza vibano kutoka ng'ambo vilivyokuja ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, na bado viko ndani ya sanduku hilo. Waya wa vishikio nilipata kwa mafundi wa jua kali, kutoka kwa mota zilizoungua. Ni laini na hauna kiburi. Gundi nyeupe, maji nusu, na tone moja la sabuni ya vyombo ili ipenye. Turubai ni shashi ileile. Ilowesheni, ilazeni juu ya mizigo, halafu mwondoe mikono. Iacheni izame yenyewe. Kamba ifungwe wakati bado ni mbichi, maana kamba isiyouma turubai ni mchoro tu. Kisha msubiri. Najua mmoja wenu hutumia kidude cha kukausha nywele. Sitamtaja, lakini turubai zake zimejikunja kama mandazi ya jana, na naona mteja pia ameliona hilo.

Kulikuwa na kesi ngumu. Mteja mmoja wa ng'ambo alirudisha modeli kwa sababu nilikuwa nimefunga nyuma yake kabichi kwenye wavu na kuku wawili ndani ya kikapu. Aliandika kwamba hakuna jeshi la maana linalobeba kabichi. Mzee Kibe alisomewa barua hiyo akiwa amesimama, akaketi.

"Mwambie," akamwambia Bwana Githinji, "tukitoka mazoezi tulikuwa tunapitia mahali kabichi ni bei ya bure. Mwambie hata kamanda alikuwa na gunia ya viazi yake, na alikuwa anaikalia. Yeye alikuwa anabeba nini kwake? Maua?"

Bwana Githinji aliandika kwa adabu zaidi. Baada ya mwezi mteja akaagiza vifaru vingine viwili, vyote viwe na kabichi.

Lakini iliyonikalia moyoni ni ya mwaka mmoja kabla ya ule wangu wa mwisho, na ndiyo sababu hasa ya kukubali kuandika. Ijumaa moja asubuhi aliingia mwanamke wa makamo, bahasha mkononi, akasema anatafuta Mzee Kibe aliyekuwa dereva wa kifaru. Mzee Kibe aliinuka kitini. Alimtazama usoni, akaketi tena polepole.

"Wewe ni wa Macharia," akasema.

"Hiyo ndiyo shida, mzee," yule mwanamke akajibu. "Kwao wanasema mimi si wa Macharia."

Jina lake ni Wanja, na ana duka la fotokopi Kahawa Wendani, ambako wanafunzi huchapisha kazi zao dakika ya mwisho na kumlaumu mashine ikikwama. Alitueleza bila kupamba. Macharia alikuwa askari wa kifaru, mwenye kazi ya kuingiza makombora kwenye mzinga, gari moja na Mzee Kibe. Alishikwa na malaria akiwa kaskazini, akafa, wakati mama yake Wanja ana mimba na watu wa Macharia hawajafika kwao hata kusema hodi. Baada ya mazishi ukoo ulisema hawamjui huyo msichana wala tumbo lake. Mama yake alikuwa na barua moja ambamo Macharia alisema amenunua beseni la kumwogeshea mtoto na analibeba kwenye gari mpaka likizo. Barua iliungua pamoja na nyumba. Ikabaki picha: kifaru kimesimama, askari wanne mbele yake, na nyuma ya kichwa cha kifaru, kati ya matandiko, beseni. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Mama alikuwa ananionyesha na kidole," Wanja akasema. "'Unaona? Ile ni yako. Alikuwa anakungojea.' Sasa mama hayuko, na hiyo picha ni upande mmoja tu. Nataka mnitengenezee nione mbele, nyuma na juu. Nataka kuona kama iliwekwa vizuri ama ilitupwa tu hapo."

Nilidhani angemwuliza Mzee Kibe hapohapo. Hakumwuliza. Nadhani aliogopa jibu, na mimi pia ningeogopa. Mzee Kibe alisema tu, "Tutatengeneza," akaaga mapema.

Majuma yaliyofuata alinisaidia kwa upande ambao picha haikuonyesha: koleo lilikaa wapi, mtungi upi ulikuwa unavuja, begi la nani lilikuwa na kufuli. Lakini nilipouliza kuhusu beseni alijibu, "Weka vile picha inaonyesha," kisha akakumbuka kuku wake. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwona akikwepa swali la mzigo. Nilifanya nilivyoambiwa. Beseni nilikata kwa plastiki nyembamba, nikaipasha moto juu ya mshumaa na kuikandamiza kwenye kifundo cha mbao. Nikachukua picha, ile yenyewe ndogo, nikaiweka chini ya kioo cha kukuza ili nione ukingo wake.

Kulikuwa na soksi. Moja ndani ya beseni, nyingine imening'inia ukingoni, imelowa. Wanja alikuwa na nakala aliyoikuza dukani kwake, lakini mashine yake ilikuwa imezigeuza doa jeusi, kwa hiyo hakuwa amewahi kuziona. Mimi niliziona vizuri, hata kisigino kilichotoboka.

Nilikaa pale na kioo mkononi nikafanya hesabu rahisi. Mtu aliyemnunulia mtoto wake beseni hafulii soksi ndani yake. Hilo lilikuwa beseni la gari, la kufulia na la kuoshea vyombo, kama magari yote yalivyokuwa nalo. Ndiyo maana Mzee Kibe alikuwa akikimbilia kuku. Nilimhurumia Wanja mpaka nikashindwa kunywa chai. Lakini kilichokuwepo kilikuwepo. Nikaunda soksi mbili za ukubwa wa punje ya mchele, nikazipaka rangi ya kijivu, nikazibandika mahali pake.

Akaja kuchukua Jumanne, amevaa nguo ya Jumapili. Modeli ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa, mkono wangu juu yake. Wanja hakukitazama kitambaa. Alimgeukia Mzee Kibe.

"Mzee, kabla sijaona. Hiyo beseni ilikuwa yangu?"

Mzee Kibe alikaza tai yake ingawa ilikuwa imekazwa.

"Ilikuwa yako," akasema. "Alinunua sokoni, akiwa amevaa sare, akaibeba kwa kichwa mbele ya watu. Alikataza mtu kuigusa. Hata maji ya chai tusiweke ndani."

Nikasimama pale na mkono juu ya kitambaa. Nilijiambia: basi leo Mzee Kibe ameweka kwenye gari kitu ambacho hakikuwepo. Ameona uso wa huyu mtoto wa watu, akashindwa. Sikumlaumu hata kidogo, nilimpenda zaidi. Ila soksi zangu zilikuwa pale chini ya kitambaa, tayari kumwumbua.

"Ngoja nipulize vumbi," nikasema. Nikawapa mgongo, nikainua upande mmoja wa kitambaa, nikaingiza kibano. Ya kwanza ilitoka mara moja. Ya pili ilishikilia, nikaivunja shingoni, ikatoka. Nikazitia mfuko wa aproni, nikafunua.

Wanja alizunguka ile meza mara tatu. Aliinama akatazama beseni kutoka nyuma, akaona limefungwa kwa kamba mbili, limelala juu ya blanketi ili lisigongwe na chuma, jinsi picha ilivyoonyesha. Akalia, akacheka kwa kulia, akanishika mikono yote miwili. Akaondoka na boksi lake limefungwa ndani ya leso. Nami nilijiona mtu mwema. Nakiri hilo kwa sababu halikudumu.

"Soksi ziko wapi?" Mzee Kibe akauliza mlango ulipofungwa.

"Soksi gani?"

"Mama Shiro, usinichezee. Picha iko na soksi, na Ijumaa niliziona hapa."

Nikazitoa mfukoni, nikaziweka mezani. "Nimezitoa nikufiche. Umemwambia hakuna aliyeruhusiwa kugusa beseni, na yeye angeona soksi ndani. Uongo wako ungedumu dakika moja."

"Uongo?" Alinyoosha mkono, akazichukua, akaziweka kiganjani. Ilikuwa mara ya kwanza naona akigusa kazi yetu yoyote. "Hizi ni zangu. Nilifulia makusudi. Jamaa alikuwa anajifanya baba wa watu na bado hajaona mtoto, nikasema wacha nimtoe ushamba. Alinigombeza mbele ya gari nzima. Hiyo picha ilipigwa asubuhi hiyohiyo, kabla sijazitoa, ndiyo unaona yeye amesimama huku na mimi nimesimama kule. Nikakasirika. Sikumsemesha siku nne. Ya tano wakampeleka hospitali, na hakurudi."

"Sasa mbona hukumwambia Wanja?"

"Kwa sababu niliona aibu," akasema. "Nimeona aibu tangu huyo msichana hajazaliwa."

Sina namna nzuri ya kueleza nilivyojisikia. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimefundishwa swali moja, nani ameweka hii hapa, na siku lilipohitajika kwa kweli sikuliuliza. Nilijijibu mwenyewe, nikachukua kibano. Soksi zile ndizo zilizokuwa zinasema kwamba beseni lilikuwa na mwenyewe aliyelipigania, nami nilikuwa nimezitia mfukoni pamoja na karatasi ya peremende. Mnaobaki, kosa hili ndilo la mtu mwenye mkono mzuri na uzoefu mwingi. Anayeanza hawezi kulifanya.

Alasiri hiyohiyo tulienda Wendani, Mzee Kibe na tai yake, mimi na gundi, kibano, na soksi ndani ya kopo la dawa. Tulimkuta Wanja nyuma ya kaunta. Kifaru kilikuwa juu ya kioo, kati ya mashine ya pini na rundo la karatasi, na wanafunzi wawili walikuwa wakikitazama.

Mzee Kibe hakukaa. Alimwambia yote akiwa wima, mikono ubavuni: soksi zilikuwa za nani, nani alizitoa na kwa nini, ugomvi, siku nne. Alipofika kwenye siku ya tano sauti yake ilipungua, nami nikatazama mashine. Nilitegemea Wanja atukasirikie, na ningeona ni haki yake.

Alinyoosha mkono akaizima mashine.

"Alikugombeza aje?"

"Vibaya."

"Hapana, mzee. Alisema nini? Maneno yenyewe." Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. "Mama hakuwa na neno lake hata moja, barua iliungua. Hakuna mtu amewahi kuniambia kitu baba alisema na mdomo wake."

Mzee Kibe akashika tai yake.

"Alisema, 'Kibe, toa hizo soksi zako kwa beseni ya mtoto wangu.'"

"Alisema mtoto wangu?"

"Mtoto wangu. Hata kamanda alisikia."

Nilifungua kopo. Niliegemeza kiwiko juu ya kaunta. Nikarudisha ya ndani, nikarudisha ya ukingoni, ile niliyoivunja shingo, nikaiunga.

"Rudia," Wanja akasema.

Mzee Kibe akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Si hivyo. Vile yeye alisema."

Mzee Kibe akanitazama, akatazama kifaru, akavuta pumzi. Kisha akapaza sauti, nzito, yenye hasira ya kijana, na wanafunzi wakageuka kuona ni nani anayegombezwa.